Nyama ya Masagati: Nani anakula faida kati ya zizi na bucha?

MFUGAJI mdogo wa Masagati anapoamua kuuza ng'ombe, bei haipangwi na yeye. Hupangwa na mtu anayesimama kando ya zizi, akamtazama mnyama mgongoni, akamshika nyonga, akamzunguka mara moja, kisha akataja kiasi. Hakuna mizani wala karatasi. Mwenye ng'ombe akikataa, mnunuzi hana haraka, kwa kuwa anajua kwamba shule zinakaribia kufunguliwa, na anajua pia kwamba barabara iliyomfikisha pale haitamleta mnunuzi mwingine kesho.

Siku chache baadaye nyama ya ng'ombe huyo hukatwa kwa kilo katika bucha la Mlimba, Ifakara au mbali zaidi. Zizini mnyama aliuzwa kwa jicho, buchani anauzwa kwa mizani, na kati ya hapo na pale ndipo sehemu kubwa ya fedha inapobaki. Swali ambalo makala haya yanalichambua ni jepesi kuuliza: kwa nini familia yenye ng'ombe 10, mbuzi 20 na kuku kadhaa isiuze nyama yake yenyewe, moja kwa moja kwa mlaji?

Masagati ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, mkoani Morogoro, upande wa mwisho wa Bonde la Kilombero kuelekea Njombe. Msomaji wa Dar es Salaam anayeijua Ifakara kwa mchele wake huenda hajawahi kulisikia jina hilo. Kutoka Ifakara njia hupita Mngeta na Mlimba, kisha Taweta, na kuendelea hadi Madeke katika Mkoa wa Njombe. Ni barabara ambayo kwa jumla inazidi kilomita 200, na kila masika huwakumbusha wasafiri kwamba bonde hili ni la maji kabla ya kuwa la watu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa katika miaka ya 1970, inapita Ifakara na Mlimba lakini haifiki Masagati.

Kwa muda mrefu bonde hili halikuhesabiwa kuwa nchi ya ng'ombe. Ndorobo walilinda mipaka yake vizuri kuliko askari yeyote. Wandamba, Wabena na Wapogoro waliishi kwa mpunga na samaki, na kitoweo cha nyama kilitoka porini au kwa kuku na mbuzi wa nyumbani. Ng'ombe wengi waliingia baadaye, pamoja na wafugaji wa Kisukuma, Kimasai na Kibarabaig waliokuwa wakitafuta malisho, na baada yao baadhi ya wakulima wenyeji nao wakajifunza kuweka ng'ombe wachache kama akiba. Familia ya namna hiyo, yenye shamba la mpunga na zizi dogo, ndiyo inayozungumziwa hapa, si mfugaji mwenye mamia ya ng'ombe.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowavutia wengi. Tuchukue mfano tu, si bei ya soko la siku fulani: ng'ombe wa asili mwenye uzito wa kilo 250 akiwa hai. Akichunwa na kuondolewa kichwa, miguu na matumbo, ng'ombe wa aina hiyo hutoa karibu nusu ya uzito wake, yaani kilo 120 hivi za nyama na mifupa. Mnunuzi akimkadiria kwa sh. 700,000, na kilo ikauzwa sh. 9,000, nyama peke yake inaleta sh. 1,080,000. Hapo hatujahesabu maini, utumbo, kichwa, makongoro na ngozi, vitu ambavyo wenye mabucha huvijua thamani yake na wafugaji wengi huvitoa kana kwamba ni nyongeza.

Tofauti ya sh. 380,000 inaonekana kama wizi. Si wizi. Mnunuzi anayemtoa ng'ombe Masagati hubeba hatari ya mnyama kufia njiani, hulipa kibali cha kusafirisha mifugo, ushuru, gari au wachungaji, na akifika mjini hukopwa na bucha ambalo nalo linakopwa na mama ntilie. Akiondolewa yeye, gharama hizo haziondoki zote. Zinabadilisha mabega tu. Anayewaambia wafugaji wadogo kwamba wakimfukuza dalali watapata fedha yote iliyokuwa ikienda kwake, anawadanganya.

Hata hivyo zipo gharama ambazo zingekufa kabisa kama nyama ingeliwa karibu na ilikolishwa. Ng'ombe asingetembezwa siku mbili akipoteza uzito. Nyama ya mnyama aliyechoka na kuogopa huwa nyeusi na ngumu, kwa sababu nguvu iliyokuwa katika misuli yake imekwisha kabla hajachinjwa. Mlaji wa mjini anayelalamika kwamba nyama ya ng'ombe wa asili haitafuniki mara nyingi hana ugomvi na nyasi alizokula mnyama huyo. Ana ugomvi na umri wake na safari yake.

Hapa inafaa kusafisha jambo moja linaloletwa na mitindo ya nje. Huko Ulaya na Marekani, mkulima anayeuza nyama ya mnyama aliyelishwa malisho hupata bei ya juu kwa kuwa ng'ombe wengi wa nchi hizo humalizia maisha yao wakilishwa nafaka katika mazizi ya kunenepeshea. Kwetu mambo ni kinyume. Sensa ya Kilimo ya 2019/20 ilionyesha kuwa Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 33, na karibu wote wanakula majani. Kuandika kwenye ubao kwamba nyama yako ni ya malisho ya asili hakumshtui mtu wa Ifakara. Nyama ipi si ya malisho? Wanaotafuta nyama laini, yaani hoteli kubwa na maduka ya kisasa ya mijini, hutaka ng'ombe walionenepeshwa, na kwa miaka mingi baadhi yao wamekuwa wakiagiza nyama kutoka nje huku nchi ikijisifu kwa wingi wa mifugo.

Kwa hiyo familia ya Masagati haina jina la kifahari la kuuza. Inachoweza kuuza ni kitu kingine: ng'ombe wa miaka mitatu au minne badala ya maksai mzee aliyechoka kulima, ambaye hajatembezwa, anayejulikana alizaliwa wapi, alichanjwa lini na alikunywa dawa gani. Hivyo ni vitu ambavyo mwalimu, muuguzi, mkulima wa mpunga aliyetoka kuvuna na mfanyakazi wa reli Mlimba wanaweza kuvilipia. Tatizo ni kwamba kila kimojawapo kinahitaji kuthibitishwa na mtu, na mtu huyo ndiye asiyepatikana kwa urahisi.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Nyama Na. 10 ya mwaka 2006, iliyoanzisha Bodi ya Nyama Tanzania, zimejengwa juu ya msingi mmoja: mnyama anayechinjwa kwa ajili ya kuuzwa kwa umma achinjiwe mahali panapotambuliwa, akaguliwe akiwa hai, na nyama yake ikaguliwe tena kabla haijauzwa. Anayefanya biashara hiyo anatakiwa kusajiliwa. Anayechinja mbuzi kwa ajili ya wageni wake si sawa na anayechinja ili auze, hata kama wote wawili wamechinja chini ya mwembe uleule.

Wapo wanaosema masharti hayo ni ya mjini na yasiwaguse watu wa vijijini. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao. Mwanzoni mwa 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 100 hapa nchini, na Dodoma na Morogoro zilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Ugonjwa ule huletwa na mbu, lakini mtu huupata pia kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja na kuchuna. Kimeta nacho hakisomi ramani ya mji na kijiji. Nguruwe wanaoachiwa kuzurura huleta minyoo ya tegu, na jicho la mkaguzi ndilo linalotenganisha nyama hiyo na sahani ya mlaji. Mwaka ule wa 2007 wateja waliyakimbia mabucha ya mijini hata mahali ambapo hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Mfugaji mdogo ndiye wa kwanza kuumia nyama inapopoteza imani ya watu, kwa kuwa hana akiba ya kusubiri imani irudi.

Ukaguzi basi ubaki. Lakini ukaguzi unahitaji mkaguzi, na mkaguzi anahitaji pikipiki, mafuta na mahali pa kufanyia kazi. Kata nyingi za pembezoni nchini hazina machinjio yaliyosajiliwa, na ofisa mifugo mmoja huhudumia vijiji vilivyotawanyika. Familia inayotaka kuchinja ng'ombe mmoja kwa mwezi ikilazimika kumpeleka Mlimba ili akaguliwe, kisha kuirudisha nyama Masagati ili iuzwe, imerudi kulekule kwenye safari iliyokuwa ikiikimbia. Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyeishi kijijini: watu huchinja kimya kimya, hugawa mafungu juu ya majani ya migomba, na kabla jua halijapanda nyama imekwisha. Sheria inakuwa imevunjwa na asubuhi hiyo ofisa hana habari, au anayo na amenyamaza kwa sababu hana pa kuwaelekeza.

Kwa upande wa karatasi, serikali yenyewe ilikiri kwamba zilikuwa nyingi mno. Mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara wa mwaka 2018 ulitaja mrundikano wa tozo na taasisi zinazokagua kitu kimoja, na mwaka 2019 majukumu ya chakula yaliondolewa katika iliyokuwa TFDA na kupelekwa Shirika la Viwango, TBS. Hatua hizo zimesaidia wenye viwanda na mabucha ya mijini. Mwenye ng'ombe 10 hakuwahi kufika katika madirisha hayo, kwa hiyo kupunguzwa kwa madirisha hakukumfikia.

Kikwazo kingine hakitokani na ofisi yoyote. Nyama hailali. Ng'ombe mmoja ni kilo 120 zinazotakiwa kumalizika siku ileile, na jokofu mahali ambapo umeme si wa uhakika ni kabati tu. Bucha la Ifakara lina wateja wa kumaliza ng'ombe kabla ya saa sita. Kijiji chaweza kuwa nao katika msimu wa mavuno ya mpunga, kuanzia Mei hadi Julai, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu. Februari, ghala likiwa limebaki na gunia la mbegu, mteja ni yule anayesema utaniandika. Na mfugaji anayeuza nyama kwa mkopo kwa jirani zake amejigeuza benki, tena benki isiyoweza kudai bila kuvunja ujirani.

Ndiyo maana mbuzi, kuku na nguruwe huenda wakafaa kuliko ng'ombe kwa mtu anayeanza. Mbuzi wa kilo 12 anamalizwa na nyumba sita. Kwa ng'ombe, njia iliyopo tayari katika mila zetu ni kuchangia: watu 15 au 20 wanakubaliana kabla, kila mmoja anatoa fungu lake la fedha, ng'ombe ananunuliwa, anachinjwa, kila mmoja anabeba alichochangia. Tunafanya hivyo Krismasi, Idd na mwaka mpya. Inashangaza kidogo kwamba Wamarekani, wenye sheria kali za ukaguzi, wameijengea desturi kama hiyo nafasi katika sheria yao: mtu anaweza kununua nusu au robo ya ng'ombe akiwa bado hai, kisha akachinjiwa kwa matumizi ya nyumbani kwake, na nyama hiyo hairuhusiwi kuuzwa tena. Mkulima mdogo wa huko humaliza ng'ombe wake mzima kabla hajamgusa kisu. Sisi tunayo simu ya mkononi na malipo ya simu yaliyoingia nchini mwaka 2008. Kukusanya majina 20 na fedha zao kabla ya Jumamosi si kazi ngumu. Lakini hata kwa kuchangia, mkaguzi bado anatakiwa, kwa sababu kimeta hakiulizi kama ulinunua au ulichangia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wataalamu wa masoko hulisahau na wanakijiji hawalisahau kamwe, nalo ni nani ameshika kisu. Februari 2013 mvutano kuhusu nani achinje nyama ya kuuza ulisababisha ghasia Buseresere, Geita, na mchungaji mmoja aliuawa. Nchini kwetu desturi ya muda mrefu ni kwamba nyama inayouzwa kwa wote huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu aweze kuila. Familia inayouza kutoka nyumbani kwake, ya dini yoyote, isipolizingatia hilo tangu siku ya kwanza itapoteza nusu ya wateja na pengine amani ya kijiji.

Pamoja na ugumu wote huu, kwa nini suala hili lisiachwe tu, kila mtu akaendelea kumuuzia mnunuzi wa zizini? Jibu liko katika ardhi. Mwaka 2002 Bonde la Kilombero liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu, katika Bonde la Usangu, na baadhi yao waliishia Kilombero na mifugo yao. Mwishoni mwa 2012 ikaja Operesheni Okoa Bonde la Kilombero, na makundi makubwa ya ng'ombe yakaondolewa tena. Mwaka 2023 sehemu ya lililokuwa Pori Tengefu la Kilombero ikapandishwa hadhi kuwa pori la akiba, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kulisha mifugo ndani ya pori la namna hiyo. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na maji ya Kilombero ndiyo yanayolisha Mto Rufiji na bwawa la umeme lililojengwa huko. Kwa mfugaji, hata hivyo, maana yake ni moja: malisho yanapungua na hayatarudi.

Katika hali hiyo ushauri unaotolewa kila mkutano ni kwamba wafugaji wapunguze mifugo. Ni ushauri mzuri unaotolewa na watu wasiouza ng'ombe. Maadamu ng'ombe ananunuliwa kwa jicho, ng'ombe mzuri wa miaka mitatu na ng'ombe wa wastani wa miaka minane hukaribiana bei, na mwenye akili timamu ataongeza idadi kwa sababu idadi ndiyo pekee inayolipwa. Atamweka maksai hadi azeeke, kwa kuwa hapotezi kitu kwa kumweka. Mizani ikifika zizini, hesabu inabadilika. Kilo 40 zaidi za uzito hai zinakuwa fedha inayoonekana, majani mazuri yanakuwa na bei, na ng'ombe sita waliotunzwa wanaweza kulingana na kumi waliokonda. Huko Kenya, Tume ya Nyama iliyoanzishwa mwaka 1950, pamoja na matatizo yake yote, ilijenga utaratibu wa kumlipa mfugaji kwa kilo za nyama iliyochunwa na kupimwa, na si kwa kumtazama mnyama machoni.

Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, imeleta hereni za masikioni pamoja na chanjo. Wafugaji wengi waliziona hereni hizo kama mtego wa kodi, na hofu hiyo haikutoka hewani. Lakini hereni ni kumbukumbu ya asili ya mnyama, na asili ndiyo bidhaa pekee ambayo familia ya Masagati inayo na bucha la mjini halina. Ikiishia zizini bila kufika kwa mlaji, itabaki kuwa pambo la sikio.

Kinachohitajika kianzishwe si kiwanda. Nchi hii imeshajenga na kuviona viwanda vikubwa vya nyama vikifa. Wakazi wa Kawe hadi leo hutaja Tanganyika Packers kama jina la kituo. Kinachohitajika ni karo la saruji lenye maji na paa, mhimili wa kuning'inizia, shimo la taka, mizani ya kupimia ng'ombe hai na nyingine ya nyama, na mkaguzi anayefika siku moja inayojulikana kila wiki. Siku ikiwa inajulikana, wafugaji watapeana zamu ili wasichinje watatu kwa mpigo na kuoza nyama, na wateja watajua wakati wa kuja na vikapu. Ada ya ukaguzi ilipwe hapohapo kwa stakabadhi. Halmashauri hukusanya ushuru wa mifugo, na ile mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, inaweza kubeba mizani na vifaa vya kikundi bila kusubiri mfadhili.

Watakaopinga watakuwepo, na si madalali peke yao. Wenye mabucha Mlimba watauliza kwa nini wao walazimishwe kuweka vigae na misumeno ya kukatia nyama baada ya kuambiwa waachane na magogo, huku mtu wa kijijini akiruhusiwa kuuza kwenye karo. Ni swali la haki. Jibu lake ni kwamba karo liuze siku ileile, kwa wakazi wa palepale, na nyama isisafirishwe kwenda kushindana nao. Anayetaka kuvuka mpaka huo afuate masharti yao. Vikao vya kijiji vitalazimika pia kuamua malisho ya zizi dogo yako wapi katika mpango wa matumizi ya ardhi, jambo ambalo vijiji vingi vya bonde vimeliahirisha kwa kuogopa kuamsha ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Kwa sasa ng'ombe wa Masagati akifikishwa Ifakara, hupumzishwa usiku mmoja, hukaguliwa, huchinjwa alfajiri, na nyama yake hugongwa muhuri kabla ya kupakiwa kwenda buchani. Muhuri unasema imekaguliwa. Hausemi imetoka wapi, na mteja wa saa mbili asubuhi, anayetaka nusu kilo ya mchanganyiko, haulizi.